Nusu ya Pili ya Gogo

Kwa miaka ishirini na tatu fundi huyu wa kukereza hakuwa na haja ya kuitazama mbao. Aliipima tu. Mbao zilimfikia kutoka stoo zikiwa zimekauka, zimenyooka, zimekatwa mraba, na ukutani juu ya mashine yake vilining'inia vigezo vya bati: cha mguu wa kitanda, cha mguu wa meza, cha mguu wa stuli. Alichagua kimoja, akaifunga mbao kwenye mashine, akawasha ikazunguka, akaegemeza patasi mpaka maranda yakaanza kujikunja na kumdondokea miguuni. Mguu ulipokamilika aliuwekea kile kigezo. Mwanga ukipenya kati ya bati na mbao, kazi bado. Usipopenya, anachukua mbao nyingine.

Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Meza inayoyumba ni uongo uliowekwa katikati ya nyumba, na watu wanaula kila siku pamoja na chakula chao. Meza zake hazikuyumba. Seremala wa benchi la pili katika karakana ile, mtu mwenye mdomo usiopoa, alimbandika jina la Miguu, na jina likaganda.

"Miguu, una miguu mingi kuliko jongoo," alimwambia karibu kila asubuhi, "na bado unachelewa kazini!"

Miguu alicheka. Alijua anasifiwa. Lakini sifa nazo zina hatari yake: mtu akisifiwa miaka mingi kwa jambo moja, hujikuta anaamini kwamba la pili nalo analijua, ila tu hajaombwa kulifanya.

Akaombwa. Siku hiyo mkokoteni uliingia kwenye uwanja wa karakana ukiwa na gogo moja tu, na nyuma yake alitembea dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, taratibu, kama anayesindikiza mgonjwa kwenda wodini. Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Miguu akiwa na miaka minane, na dada, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi, akawachukua yeye na wadogo zake wawili akawakuza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mti umekatwa."

Hakuhitaji kuuliza mti upi. Nyumba ile waliyokulia ilikuwa na mti mmoja tu, uani, na mizizi yake ilikuwa imeanza kuinua sakafu ya jikoni.

"Nyumba yenyewe naiacha mwisho wa mwezi ujao," dada alisema. "Nahamia kwa binti yangu, ghorofa ya tatu. Ameniambia nichague vitu vya kubeba, si nibebe vyote. Sasa mti haupandi ngazi. Nitengenezee bakuli niliweke mezani."

"Bakuli la namna gani, dada?"

"Fundi ni mimi au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Haya. Na sikiliza vizuri: mengine yote yameshakwenda kuni. Limebaki hili."

Seremala alikuwa ametega sikio. "Leo ni leo, Miguu," alisema. "Mwenzetu umezoea miguu, umeletewa tumbo."

Hapo ndipo alipopaswa kusema kwamba maishani mwake hajawahi kukereza bakuli. Neno "sijui" halina uzito mdomoni mwa mtoto, lakini kwa fundi wa miaka ishirini na tatu ni zito kuliko gogo lenyewe. Akamtazama dada yake, akamtazama seremala, akasema, "Hilo dogo, dada."

Nyumbani kwake kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya bakuli la mbao: kubwa, lenye kina, mdomo umelala sawasawa kama maji kwenye beseni. Miguu aliibandua, akaipima picha kwa rula, akazidisha vipimo, akakata kigezo cha bati. Kigezo kilikuwa kizuri sana. Alikosea hapo, msumeno ukiwa bado haujagusa ganda. Alikuwa ameshaamua gogo litatoa nini kabla hajaliuliza lina nini.

Bakuli la kwenye picha lilikuwa na kina kirefu kuliko nusu ya gogo. Ili kigezo kitoshe, ilimbidi alipasue pembeni kidogo ya katikati, moyo wa mti, kile kiini chake cha katikati, ukabaki ndani ya kipande kikubwa. Kipande cha pili, ambacho alikiita nusu ingawa kilikuwa pungufu ya nusu, kilikuwa na fundo kubwa lililoachwa na tawi na doa jeusi kama wino. Alikisukuma kwa mguu chini ya benchi.

"Uchafu," alisema.

Alikereza siku mbili. Gogo lilikuwa bichi, likamrushia maji usoni na harufu yake ikajaa karakana nzima. Maranda yalitoka marefu kama utepe, hayakatiki. Hakuwahi kufanya kazi laini namna ile, akajiona amebarikiwa. Mwishoni aliweka kigezo, na mwanga haukupenya popote. Hata seremala alipiga mluzi.

Siku ya tatu mchana, bakuli likiwa limekaa dirishani, wote wawili walisikia ta! kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye moyo wa mti na kupanda mpaka mdomoni. Mara ya kwanza uliingiza ukucha. Kufikia saa ya kufunga kazi uliingiza penseli.

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, ila hawakuwa wanazungumzia magogo. Gogo bichi limejaa maji. Likikerezwa jembamba likaachwa lipigwe na upepo, hukauka upande mmoja kabla ya mwingine na kujirarua lenyewe, na huanzia kwenye moyo. Kila mkereza wa mabakuli analijua hilo. Miguu hakulijua, kwa sababu mbao zote za maisha yake zilikuwa zimekaushwa na wengine.

"Usijitie presha," seremala alimwambia. "Pale kiwanda cha mbao wana mti wa aina hiyohiyo, mkavu, mweupe, hauna hata doa. Chukua kipande, kereza, mpelekee. Dada yako ni muuguzi, si mpasua mbao."

"Huu ni mti wa nyumbani kwetu."

"Kwani mti una kitambulisho?"

Miguu akacheka, na kicheko kile kilikuwa nusu ya kukubali. Wengi hudhani uongo huanza mtu anapofungua kinywa. Huanza mapema zaidi, pale anapocheka jambo alilopaswa kulikataa. Kesho yake alipita kiwandani, akachagua kipande, akamwambia mpasuaji amwekee mpaka wiki ijayo.

Jioni hiyo, akiwa amekaa sebuleni, simu ikaita.

"Bakuli langu linaendeleaje?" dada aliuliza.

"Linaendelea vizuri, dada."

Mke wake ni fundi cherehani, na sebule yao ndiyo karakana yake. Simu ilipokatika, cherehani nayo ilikuwa imenyamaza.

"Linaendelea kwenda wapi?" mke aliuliza.

Hakuwa na pa kukimbilia. Akasema yote: kigezo, ufa, kipande cha kiwandani. Mke alisikiliza huku akizungushia uzi kwenye kidole.

"Kwa hiyo wifi yangu atakuwa na mti wa watu mezani," alisema. "Atakuwa anaupapasa, anawaambia wageni, huu ni mti wa nyumbani. Na wewe utakuwa umekaa palepale unakunywa chai."

"Sasa nifanye nini, mama? Kilichobaki ni takataka."

"Umekitazama?"

"Nimekiona."

"Sikukuuliza hivyo."

Kisha akamwonyesha kilichokuwa juu ya meza. Mteja wake mmoja alikuwa ameleta kitambaa chenye maua makubwa, kifupi kuliko kinavyotakiwa, na kwenye kunjo kilikuwa na mstari uliofifia kwa kukaa juani dukani. Mke alikuwa amekitandaza, amekata karatasi za vipande vya gauni na kuvibandika kwa pini.

"Tangu asubuhi nakizunguka," alisema. "Nikiweka mgongo hapa, ua linakatwa na mshono, linakuwa kama limenyongwa. Nikisogeza hapa, linaangukia begani, sawa, ila kitambaa hakitoshi mikono. Nikigeuza hivi," akageuza, "mstari uliofifia unashuka katikati ya mgongo. Utadhani nimeupanga. Sasa niambie, gauni liko wapi?"

"Bado hujakata."

"Mimi naliona. Ningekuwa silioni nisingeshika mkasi. Mkasi haurudi nyuma, baba. Mimi mambo ya mbao siyajui, lakini mtu aliyekata kabla ya kutazama namjua hata akipita barabarani. Wewe ulianza na bati."

Miguu alinuna mpaka chakula kikapoa. Maneno ya kweli yakitoka kwa mtu wa nyumbani huuma mara mbili, maana huwezi kusema hakujui. Lakini asubuhi alimpigia simu mpasuaji akamwambia kile kipande ampe mwingine. Kisha akapiga magoti, akakivuta kile cha chini ya benchi.

Alikisugua kwa brashi na maji ili nyuzi za mbao zionekane. Akakaa juu ya stuli akakitazama. Aliona miguu mitatu mifupi ya stuli, na kuni.

Siku ya pili akaona miguu miwili na kuni zaidi.

Si rahisi kwa mtu wa makamo kugundua kwamba macho yake yamezoea kutafuta kitu kimoja. Yeye alikuwa hodari wa kuona kasoro. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye fundo na kwenye doa, likasema ondoa, ondoa, na baada ya kuondoa halikubakiwa na kitu. Siku ya tatu alimwomba mke wake karatasi za kukatia nguo. Akakata maduara, makubwa kwa madogo, akayabandika kwenye gogo kwa pini. Akasimama mlangoni akatazama. Akachuchumaa. Akabandua, akabandika upya.

"Ndugu yangu," seremala alisema, "sasa unalishonea gauni?"

"Napima."

"Kifua au kiuno?"

Miguu akasogeza pini nyingine. Alikuwa ameona kwamba duara kubwa lilipita katikati ya fundo na kulikata vipande viwili, kama lile ua lililonyongwa na mshono. Duara dogo lilikwepa fundo na doa, likabakiza kibakuli cheupe, safi, ambacho kingeweza kutoka kwenye mti wowote wa dunia hii. Alikaa na hayo mawili siku nyingine mbili, akikereza miguu ya vitanda asubuhi na kulirudia gogo alasiri.

Siku ya sita alikuwa analisogeza tu ili afagie, na likageuka likalala kwa ule upande uliopasuliwa, ganda likiwa juu. Akaacha ufagio.

Siku zote hizo alikuwa ameweka mdomo wa bakuli kwenye upande uliopasuliwa, kwa sababu ni bapa, na kwake yeye mdomo lazima ulale sawa. Ukiwekwa upande wa ganda, mgongo wa gogo wenyewe ndio ungekuwa mdomo. Ungepanda pande mbili na kushuka pande mbili, kama jani lililoanza kujikunja. Fundo halingekatwa, lingekaa ubavuni, na mistari ya mti ingelizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Doa jeusi lingeshuka kwa ndani kutoka ukingoni. Na moyo wa mti, ule uliopasua bakuli la kwanza, haukuwemo humu hata kidogo.

Aliliona lote, nje na ndani, mpaka unene wa ukingo wake. Mikono ilimwasha. Lakini hakuwasha mashine, kwa sababu gogo halikuwa lake, na mwenye gogo alikuwa bado anaamini bakuli linaendelea vizuri. Mtu anaweza kujifunza kuona sawasawa na bado akabaki mwongo.

Jumamosi alikitia kipande kwenye gunia, bakuli lililopasuka akalifunga kwa kitambaa, akaenda. Dada alikuwa katikati ya maboksi. Ukutani palikuwa na mraba mweupe kila mahali palipokuwa na picha.

"Dada, nimekudanganya."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema." Akafungua kitambaa.

Dada alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akapitisha kidole ndani ya ufa, taratibu, kama anayekagua kidonda.

"Lini?"

"Wiki mbili sasa. Siku ile ulipopiga simu lilikuwa limeshapasuka. Na nilishachagua mti mwingine kiwandani, nikukerezee, nikwambie ni wako."

Dada aliligeuza bakuli, akautazama ufa kwa upande wa nje. 

"Ulipokuwa na miaka kumi ulivunja kipimajoto changu cha kazini. Ukaniambia ni paka."

"Kumbe ulijua?"

"Hatukuwa na paka."

Miguu alicheka. Dada hakucheka.

"Nilikuchapa?"

"Hukunichapa."

"Nilikosea. Ningekuchapa siku ile, leo ungekuja wiki mbili mapema." Akaweka bakuli juu ya boksi. "Na humo guniani mna nini?"

Alikitoa kipande akakiweka sakafuni, ganda juu, akabandika duara lake la karatasi.

"Mimi naona kuni," dada alisema.

"Chuchumaa kidogo, utaona."

"Magoti yangu hayachuchumai kwa ajili ya kuni."

Basi Miguu akakiinua mpaka usawa wa macho ya dada. Akampitishia kidole: mdomo unaanzia hapa, unashuka huku, unapanda tena kule; hapa tawi lilitoka, mistari italizunguka hivi. Alieleza polepole, akarudia, akakigeuza. Kilikuwa kizito, na hakukishusha. Mwishowe dada mwenyewe akanyoosha kidole akaufuata ukingo ambao haukuwepo bado, akazunguka nao mpaka mwisho.

"Na huu weusi?" aliuliza.

"Ndani mna chuma. Chuma kikikaa kwenye mti, kinaugeuza rangi."

"Ni msumari," dada alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Niliupigilia mwenyewe, mwaka ule mama alipofariki. Nilitaka pa kufungia kamba ya nguo. Nyie watatu, nguo zenu zilikuwa haziishi. Sikumbuki hata lini ulipotea."

"Mti uliumeza." Akakiweka chini. "Naweza kuukwepa, bakuli liwe dogo na jeupe. Au niung'oe, weusi ubaki na tundu libaki. Tundu naweza kuliziba kwa gundi na unga wa mbao, asijue mtu."

"Naweza si jibu. Utaziba?"

"Sitaziba."

"Basi kereza."

"Kuna jingine, dada. Halitawahi siku yako ya kuhama. Linataka kama miezi mitano. Nikiliharakisha litakuwa kama hilo."

Dada alilitazama lile lililopasuka. Alitaka bakuli lake liingie naye kwenye nyumba mpya, liwe kitu cha kwanza mezani, na Miguu aliiona tamaa hiyo ikipita usoni mwake na ikiwekwa kando.

"Nimelea watu watatu mpaka wakaota ndevu," alisema. "Nitashindwa kungoja bakuli? Hili liache hapahapa."

"La nini, dada? Limeharibika."

"Vitunguu vinapenda hewa."

Aliung'oa msumari kwa tindo, mweusi, umepinda, mrefu kama kidole. Alikereza bakuli likiwa nene la vidole viwili, akalifukia ndani ya maranda yake lenyewe kwenye mfuko mtupu wa saruji, mbali na dirisha. Kila Jumamosi alilipeleka kwa muuza nafaka jirani akalipima kwenye mizani. Seremala aliuliza kama mtoto anaongezeka uzito. "Anapungua," Miguu alijibu, "na ndivyo inavyotakiwa." Wiki tatu mfululizo mizani iliposoma uzito uleule, alijua maji yamekwisha. Bakuli lilikuwa limejikunja kuwa na umbo la yai. Akalirudisha kwenye mashine, akaliondolea unene kidogo kidogo, akizima mashine kila mara ili atazame kabla ya kuendelea. Kigezo hakikuhitajika. Hakuna bati ambalo lingelala juu ya mdomo ule.

Alilipandisha ghorofa ya tatu mwenyewe. Dada alilipokea, akaligeuza, akalitazama tundu, akalitazama fundo. Akavuta kiti, akakaa nalo mapajani. Mtu anayemjua dada huyu haombi zaidi ya hapo.

Miguu akaenda jikoni kunywa maji. Juu ya jokofu bakuli la kwanza lilikuwa limejaa vitunguu, ufa wake sasa unapitisha kidole. Alilishusha. Akatoa vitunguu kimoja kimoja, akaligeuza chini juu, akalipeleka karibu na mwanga. Kwa mara ya kwanza aliiona mistari yake. Upande huu, mbali na moyo wa mti, ilikuwa imejipanga mipana na tulivu, tabaka juu ya tabaka, na mle ndani ya kina chote alichokichimba kulikuwa na sahani: pana, ya kina kifupi, ambayo isingepasuka kamwe. Alifuata ukingo wake kwa kidole mpaka ulipokatika kwenye ufa.

"Mbona hurudi?" dada aliita kutoka sebuleni. "Unafanya nini huko?"

"Naangalia sahani."

"Sahani ziko kabatini."

"Hii haimo kabatini, dada. Hii niliikata kabla sijaiona."

Akavirudisha vitunguu, vikubwa kwanza.